Tuna Siku Mbili Tu, Tulione Jangwa Wapi?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kahawa West. Tuko wanne, walimu watatu na dada yangu, na wikendi ya likizo fupi tumepata gari la kukodi kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumapili jioni. Mbuga ninazozijua ni ile ya Lang'ata na Hell's Gate basi. Safari hii tunataka jangwa: mchanga, miamba, joto, ukimya. Mimi nilitaka twende Chalbi lakini wenzangu wanasema ni mbali mno. Wewe ungeenda wapi? Na ukishafika, ungesimama sehemu zipi? (Mwalimu, Kahawa West)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wasikilize wenzako. Kutoka Nairobi hadi mji wa Marsabit ni zaidi ya kilomita 500, na hapo Chalbi yenyewe hujaiona. Bado kuna kushuka kuelekea Kargi, au kuzungukia Maikona na Kalacha hadi North Horr, kwa njia isiyo na lami. Mkiondoka Ijumaa mchana, Jumapili itawakuta mnageuza gari. Chalbi iwekeeni siku sita za Disemba. Na Sibiloi, mbuga ya jangwa hasa, iliyotengwa mwaka 1973 kando ya Ziwa Turkana, iwekeeni wiki nzima.

Kwa siku mlizo nazo ningekwenda hifadhi za Samburu na Buffalo Springs. Mwalimu wa jiografia kati yenu atasema pale si jangwa kamili, ni nchi kame. Ni kweli. Lakini simameni pale mwezi wa Februari, saa saba mchana, upepo ukiwapiga kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa, halafu mniandikie kama mlikosa jangwa.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Pumwani. Baba alikuwa dereva wa lori, akipeleka unga, sukari na mabati hadi Moyale, enzi zile lami iliishia Isiolo na magari yakipanda kaskazini kwa msafara wenye askari. Shule zikifungwa alinichukua mara mojamoja. Popote tuliposimama, salamu hazijaisha, yeye alishauliza: "Maji yako wapi siku hizi?" Palipo na maji ndipo palipo na watu, mifugo na habari zote za njiani, na dereva aliyejua hilo hakupotea. Baadaye nikaendesha magari ya watalii kwa miaka kumi na saba, na swali hilo ndilo lililonipa ugali. Wageni walitaka simba. Mimi nilitafuta maji, na simba akatukuta hapo. Kwa hiyo sehemu zote nitakazokutajia ni za maji, na usishangae kwamba uliuliza jangwa.

Kwanza njia. Ijumaa msijaribu kufika. Kutoka Nairobi hadi Archer's Post, mji ulio karibu na hifadhi, ni kama kilomita 320, na foleni ya Ijumaa jioni mnaijua wenyewe. Laleni Nanyuki, Jumamosi mtoke saa kumi na moja alfajiri. Mkishapita Timau barabara inaanza kuteremka. Zimeni redio, fungueni madirisha. Mko juu zaidi ya mita 2,000, ngano pande zote, baridi inauma masikio. Haipiti saa moja mko Isiolo na sweta zimetupwa kiti cha nyuma. Nimewaona wageni wengi wakilala usingizi kwenye mteremko huo, na nilikuwa nikiwaamsha, kwa sababu hakuna mahali pengine ninapopajua nchini ambapo unaweza kuiona nchi ikikauka mbele ya macho yako hivyo: ngano, kisha majani makavu, kisha migunga, kisha udongo mtupu.

Isiolo jazeni tangi na mnunue maji. Mimi hubeba lita tano kwa kila mtu kwa siku, na sijawahi kurudi nayo mengi. Kina mama huuza maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wa vibuyu vilivyofukizwa, na kwa wanaokula nyama kuna nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta. Inakaa bila friji. Kwa safari ya joto sijaona chakula kinachoishinda.

Na kabla hamjatia saini karatasi za gari, likagueni tairi la akiba kwa mikono yenu. Mwaka mmoja nilikodi gari kwa kampuni moja ya hapa mjini, nikaamini neno lao. Tulipata pancha kabla ya geti, jeki haikuwepo, na tairi la akiba halikuwa na upepo. Tulikaa juani saa nne nzima. Mtoto wa mgeni wangu akaanza kutapika kwa joto, mama yake amemlaza mapajani akimpepea kwa ramani. Aliyetuokoa ni kijana wa Kisamburu mwenye pikipiki, aliyelifunga tairi nyuma kwa kamba, akaenda nalo Archer's Post, akalirudisha limejaa. Nauli aliyotaja ilikuwa ndogo hata nikaona haya kuilipa peke yake bila nyongeza.

Sasa sehemu zenyewe. Ya kwanza ni ukingo wa mto Ewaso Ng'iro, upande wa Samburu, palipo na mikoma. Jina la mto ni la Kimaa, kwa sababu ya maji yake ya rangi ya kahawia. Unashuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya, unapita katikati ya nchi hii kavu, na kwa kawaida haufiki baharini. Unajimaliza kwenye kinamasi cha Lorian. Mkoma ni ndugu wa mnazi, ila shina lake hugawanyika mara mbili, kila tawi likagawanyika tena. Tafuteni kivuli chake penye njia inayokaribia maji, zimeni injini, na mkae. Sisemi dakika kumi. Kaeni saa nzima, hata mbili.

Saa nne hivi za asubuhi tembo huanza kushuka. Anatangulia jike mzee, anasimama, anainua mkonga kunusa, na wote nyuma yake wanasimama pia. Hatua ya pili haiji mpaka yeye aitoe. Kisha watoto wanapita mbio chini ya matumbo ya mama zao na kuingia majini. Tembo wa mto huu wamefuatiliwa na watafiti mmoja mmoja, kwa majina na koo zao, tangu miaka ya 1990, kwa hiyo mkimuona jike mwenye sikio lililochanika, jueni kuna daftari lenye habari za mama yake na wanawe.

Mwaka 2009, kwenye ule ukame mkali, nilisimama mahali hapohapo na mto haukuwepo. Ulikuwa mchanga mtupu, mpana kama Barabara ya Thika. Jike mmoja alichimba kwa mguu wa mbele, akazoa mchanga kwa mkonga, akachimba tena, kisha akasimama kimya juu ya shimo lake akingoja. Alingoja mpaka maji yakajikusanya. Akanywa, akamwachia mtoto wake, wakaondoka. Hapo ndipo wakaja nyani, wakaja kanga, akaja na punda milia mmoja aliyekonda. Wote walikunywa kwenye shimo la yule tembo. Nililia ndani ya gari, wageni wakiwa nyuma yangu. Na Machi 2010, miezi michache tu baadaye, mto huohuo ulifurika ukasomba kambi na hoteli za kando yake. Mtu akiniambia jangwa ni mahali ambapo hakuna kitu, mimi hukumbuka lile shimo.

Hapo mtoni mtaona pia wanyama ambao Lang'ata na Hell's Gate hamkuwaona. Punda milia wa Grevy ana mistari myembamba, tumbo jeupe na masikio mapana ya mviringo. Jina ni la Jules Grévy, rais wa Ufaransa aliyezawadiwa mmoja na mfalme wa Uhabeshi miaka ya 1880, na wengi wa waliobaki duniani wako hapa Kenya. Twiga wa huku madoa yake yamekatwa na mistari myeupe, kama wavu umetandikwa juu ya ngozi nyekundu. Mbuni dume ana shingo na mapaja ya buluu. Choroa ana pembe mbili zilizonyooka kama mikuki, na jua likizidi huliacha joto la mwili wake lipande kuliko kupoteza maji kwa jasho. Kipenzi changu ni swala twiga. Husimama kwa miguu ya nyuma, mwili wima, akanyakua majani ambayo mbuzi hayafikii, na majani hayo humtosha chakula na maji; anaweza kukaa muda mrefu sana bila kwenda mtoni. Msimfuate kwa gari. Mkisimama mbali kidogo atawasahau, na hapo ndipo anapoinuka.

Habari ya choroa isiwapite bure. Mwaka 2002, humuhumu Samburu, simba jike alimchukua ndama wa choroa akamlinda badala ya kumla, akatembea naye kama siku kumi na tano huku yeye mwenyewe akikonda kwa njaa, kwa kuwa hakuthubutu kumwacha aende kuwinda. Wenyeji walimwita Kamunyak, yaani aliyebarikiwa. Siku moja alilala kwa uchovu, simba dume akamchukua yule ndama. Baadaye alichukua ndama wengine tena. Mimi sina maelezo ya jambo hilo, na waliojaribu kunieleza hawakunitosheleza.

Jumamosi jioni sogeeni kuelekea kilima cha Koitogor, jua likiwa chini. Miamba hugeuka rangi ya matofali, na wenye macho makali wamewahi kumuona chui akijinyoosha juu yake. Mkimkosa mtakuwa mmepata jua lenyewe.

Jumapili alfajiri ingieni Buffalo Springs, ng'ambo ya kusini ya mto. Muulizeni askari wa geti kama daraja linapitika kabla ya kukata shauri la njia. Huku kuna chemchemi. Baada ya siku nzima ya mto wa matope, mtashtuka kuona maji meupe hivi, yanatoka chini ya ardhi na kutiririka katikati ya udongo wenye chumvi na mawe meusi ya volkano. Wenyeji husimulia kwamba dimbwi moja lilichimbwa na bomu la ndege ya Waitaliano wakati wa vita. Mimi hupendelea kukaa mbali na dimbwi la kuogelea, kwenye vijito vidogo, nikingoja firigogo. Hawa ni ndege wa rangi ya mchanga, huja makundi kwa makundi asubuhi. Angalieni madume. Anaingia majini mpaka tumbo, anatikisika, anabaki hapo akilowa. Manyoya ya kifua chake hunyonya maji kama sponji, kisha anaruka nayo mbali hadi kwa vifaranga wake, nao wanayanyonya kutoka kifuani. Nimeona mengi kazini mwangu, na bado sijaona baba anayenigusa moyo kama huyo.

Shaba nayo, mashariki mwa barabara kuu, ni nzuri mno, ina magari machache na mawe ya lava yaliyotapakaa kama makaa. Lakini itawalazimu muache mojawapo ya nilizotaja, na kwa safari ya kwanza nisingeacha. Joy Adamson, mwandishi wa kitabu cha Born Free, alikuwa huko akimlea chui alipouawa mwaka 1980. Mlima Ololokwe, kaskazini zaidi, pia uacheni safari nyingine. Kuupanda na mwongozaji ni siku nzima.

Machache ya mwisho. Hifadhi hizi ni za serikali za kaunti, Samburu upande wa kaskazini wa mto na Isiolo upande wa kusini, kwa hiyo viingilio havilipwi kwa KWS, shirika la taifa la wanyamapori. Ulizeni bei na namna ya kulipa kabla ya kutoka Nairobi. Gari dogo lisiloweza kupanda lisitoke njia kuu, au mkodi lenye nguvu Archer's Post. Laga, yaani mto wa msimu, likiwa na maji msiliingie, hata kama maji ni ya kifundoni na mbingu ni nyeupe, kwa sababu mvua huwa imenyesha milima msiyoiona. Na Jumapili mtoke kabla ya saa tano, mtafika Nairobi kungali mwanga.

SWALI: Hujambo Dada. Mimi nauza katika duka la vifaa vya ujenzi Pipeline. Jumamosi nafanya kazi, nina Jumapili peke yake. Kijana wangu ana miaka tisa na kila siku ananiuliza kuhusu jangwa tangu aliposoma shuleni. Gari sina. Kuna mahali pa kumpeleka nikarudi siku hiyohiyo? (Baba Brian, Pipeline)

JIBU: Sijambo, Baba Brian. Mpeleke Olorgesailie. Ni kwenye barabara ya Magadi, kama kilomita 70 kutoka mjini. Pandeni hadi Kiserian mapema sana, pale mtapata magari ya Magadi, mwambie kondakta awashushe kwenye kibao cha makavazi. Kutoka barabara kuu mtatembea kidogo, kwa hiyo kofia na maji viwe mkononi. Baada ya Corner Baridi mwambie kijana aangalie mbele: Bonde la Ufa linafunguka lote, na jinsi mnavyoshuka ndivyo joto linavyopanda.

Pale hakuna mchanga wa kwenye picha. Kuna udongo mweupe wa ziwa lililokauka zamani sana, na juu yake mashoka ya mawe, mamia, yamelala pale yalipoachwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Louis na Mary Leakey walianza kuchimba hapo miaka ya 1940, na makavazi yakafunguliwa mwaka 1947. Utatembea na kijana juu ya daraja la mbao, mashoka yakiwa chini ya miguu yenu. Mwache ayatazame mpaka achoke. Usimharakishe hata ukiona kwako ni mawe tu. Mtoto wa miaka tisa ataanza kuuliza aliyelitengeneza lile kubwa alilishika vipi, na kama alikuwa na mtoto, na hayo ndiyo maswali ambayo wataalamu nao wameyahangaikia. Asiokote chochote, hata kijiwe.

Ziwa Magadi liko mbele zaidi, na kwa matatu siku moja haitoshi kwa yote mawili. Mkipata jirani mwenye gari mgawane mafuta, nendeni. Uso wa ziwa ni gamba la magadi, pengine jeupe, pengine la waridi kwa sababu ya vijidudu vinavyoishi kwenye chumvi. Kando kuna chemchemi za maji moto, na ndani yake, kwenye maji yanayoweza kuzidi nyuzi 40, kuna visamaki vidogo jamii ya tilapia vinavyoogelea bila wasiwasi. Chukueni mwongozaji wa Kimaasai pale mjini, mkapatane bei kabla ya kuondoka, kwani gamba hilo si salama kukanyaga popote. Na mwambie Brian kwamba ile magadi ambayo bibi yake hutia kwenye maharagwe yalainike, ndiyo hii, na ziwa limepewa jina lake. Jikoni ataiangalia kwa jicho jingine.

SWALI: Mama yangu ana miaka 71 na ana presha. Alikulia Isiolo, akahamia Nairobi alipoolewa, na hajarudi kaskazini tangu 1979. Sasa anasema anataka kuuona mto kabla macho hayajafifia. Ndugu zangu wanasema joto litamuua. Nifanye nini? (Binti yake, Kariobangi South)

JIBU: Binti yangu, mpeleke. Lakini kwanza mpitishe kwa daktari wake, aulizwe hasa kuhusu dawa, maana baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aende haja ndogo sana, na kwenye joto mwili hukauka upesi. Dawa zisikae kwenye dashibodi. Zitie kwenye mfuko wenye ubaridi pamoja na maji. Nendeni mwezi wa saba au wa nane, joto likiwa limelegea kidogo. Msiende kwa siku moja na kurudi. Alale Nanyuki akienda na akirudi. Huko mbugani atoke alfajiri hadi saa nne, na saa kumi hadi magharibi. Katikati akae kivulini, miguu juu, hata kama wewe bado una hamu ya kuzunguka.

Msimjazie gari wajukuu. Mmoja anatosha, yule anayejua kunyamaza.

Na mkipita Timau mkae mmempa kiti cha mbele, kushoto. Kama hakuna ukungu, Ololokwe utaonekana mbali upande wa kaskazini, umekatwa wima ubavuni. Usimwonyeshe. Ngoja akuonyeshe yeye.